Seva imewaka, huduma imegoma: nani aanze kwanza kwenye Linux?

Leo naleta hili maana limenitoa jasho.

Kafe ninayoshika zamu ina seva ya Debian. dnsmasq ndiyo inayogawa anwani za IP kwa mashine za wateja. Umeme ukikatika usiku, asubuhi seva imewaka lakini wateja hawapati mtandao. Nikiiwasha dnsmasq kwa mkono, inakubali! Bosi akasema naharibu makusudi, akanikata siku mbili.

Kumbe shida ni foleni. Tangu Debian 8 ya mwaka 2015, huduma zinaamshwa na systemd, tena nyingi kwa mpigo. dnsmasq yetu imeambiwa isikilize 192.168.0.1 tu. Ikiamka kabla kadi ya mtandao haijapata anwani hiyo, inakufa. Ukija kuiwasha baadaye, anwani ipo, ndiyo maana inakubali.

Fanya hivi:

1. systemctl --failed
Utaona zilizoanguka.

2. journalctl -b -u dnsmasq
Soma ilichosema tangu mashine iwake.

3. systemctl list-dependencies --after dnsmasq
Utaona inawasubiri akina nani.

4. sudo systemctl edit dnsmasq
Ongeza:

[Unit]
Wants=network-online.target
After=network-online.target

Kama mtandao unaendeshwa na NetworkManager, hakikisha NetworkManager-wait-online nayo imewezeshwa, la sivyo hakuna wa kusubiriwa.

Wengi tunakosea hapa: Wants na Requires zinasema "namhitaji", After inasema "atangulie". Ugali unahitaji maji, sawa, lakini lazima pia useme maji yachemke ndipo utie unga. Ukiandika Requires bila After, maji na unga vinaingia sufuriani pamoja.

Ila usimwage After kila mahali. Huyu akimsubiri yule, na yule akimsubiri huyu, wamekwama. systemd itamwacha mmoja nje ili wengine wapite, na anaweza kuwa yule unayemtaka. Kwenye journalctl -b tafuta maneno "ordering cycle", yatakutajia wanaosubiriana. Futa After moja isiyo ya lazima.

Niliizima na kuiwasha seva mara tatu mbele ya bosi, zote wateja wakapata mtandao. Amenyamaza. Siku zangu mbili bado namdai.

Yaliyokukuta wewe yamwage hapo chini, tusaidiane.