Anayeandika Asome: Daftari na Vikao vya Masasi na Newala

Adabu ya kuandika kikaoni hufundishwa leo kana kwamba ilizaliwa katika hoteli za Dar es Salaam: omba ruhusa kabla ya kufungua daftari, usiandike mkurugenzi akiwa na tonge mkononi, ulichoandika kibaki chako. Kanuni hizo zote zinamlinda mkubwa. Historia ya Masasi na Newala inaonyesha kanuni nyingine, kongwe kuliko kampuni yoyote inayonunua korosho huko: anayeandika maneno ya watu awasomee wenyewe. Ilipofuatwa, watu waliiamini kalamu. Ilipopuuzwa waliitilia shaka, na naamini walikuwa na haki.

Wapo watakaosema kwamba uwanda wa Makonde ulikuwa nchi ya masimulizi, na kwamba kalamu ililetwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliofungua kituo Masasi mwaka 1876 chini ya Askofu Edward Steere, kisha wakafika Newala. Hoja hiyo haisimami mbele ya Machemba. Mtawala huyu wa Kiyao, ambaye makao yake yalikuwa Luagala, kwenye uwanda huohuo, mwaka 1890 alimjibu Mjerumani Hermann von Wissmann kwa barua ya Kiswahili. Alisema ameyasikia maneno yake lakini haoni sababu ya kumtii. Urafiki anaukubali, kuwa chini ya mtu haukubali. Pwani haendi, na mwenye nguvu amfuate alipo. Kwa lugha ya ofisi, alikataa kikao lakini akaacha muhtasari. Wajerumani hawakuweza kumtoa hadi 1899, akavuka kwenda upande wa Wareno. Machemba aliijua vizuri kazi ya maandishi: neno la mdomo lingefika kwa Wissmann likiwa limepindishwa na mkalimani, barua ingefika na msimamo wake ukiwa mzima. Kwa hiyo mgogoro wa uwandani haukuwa kati ya wanaoandika na wasioandika. Ulikuwa juu ya nani anamwandika nani, na maandishi hayo yanakwenda wapi.

Mwaka 1906 likaja daftari la namna nyingine. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, alipita Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta akiwa na kamera, fonografu ya mitungi ya nta na askari wa kumsindikiza, wakati majivu ya vita vya Maji Maji yakiwa bado ya moto. Aliwaketisha wazee, akauliza juu ya ndoa, ngoma, ufinyanzi na jando, akaandika. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Atakayetetea kazi hiyo ana hoja: bila Weule, nyimbo na picha nyingi za wakati ule zisingekuwepo leo. Nakubali. Lakini mzee wa Newala aliyehojiwa asubuhi hakuwa na njia ya kusikia jioni kilichoandikwa kwa jina la kabila lake, wala ya kusema hapa umekosea. Tena mzee anayeulizwa huku bunduki ikiwa barazani hupima maneno, na daftari halionyeshi alichokibakiza moyoni. Zaidi ya hapo yapo mambo ya likumbi, yaani kambi ya jando, na ya unyago ambayo wenyewe hawataki yaandikwe kabisa, na kalamu yenye adabu huwekwa chini yanapofika. Vincent Lucas, askofu wa Masasi tangu 1926, alielewa kuliko wageni wengi kwamba mambo haya yana wenyewe. Alipotaka jando la Kikristo aliliendesha pamoja na wenyeji, ingawa masharti ya mwisho yalibaki ya kanisa.

Ushahidi wa karibu zaidi uko kwenye korosho. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao korosho huwekwa ghalani kisha huuzwa kwa mnada, ukaanza Mtwara msimu wa 2007/08. Leo chama kikuu cha TANECU kinawahudumia wakulima wa Tandahimba na Newala, na cha MAMCU wa Masasi na majirani zake. Kwa miaka mingi mnada ulikuwa hivi: kampuni zinatumbukiza zabuni kwenye sanduku, sanduku linafunguliwa mbele ya wakulima, kila karatasi inasomwa kwa sauti, jina la kampuni, tani inazotaka, bei ya kilo. Waliokaa chini ya miti wanaandika kwenye madaftari ya shule, wanakokotoa makato, kisha wanaulizwa: mnauza au hamuuzi? Anayesema kwamba kumbukumbu na uaminifu vinatosha aitazame kangomba, biashara ya kununua korosho kwa kipimo cha bakuli kutoka kwa mwenye shida, mara nyingi kabla hata ya mavuno. Pale hapaandikwi kitu, na anayeumia ni mmoja tu.

Lipo pingamizi zito zaidi: kusoma hadharani huwapandisha watu jazba. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walisikia bei zikisomwa wakazikataa, biashara ikakwama, na Novemba serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo. Mwenye haraka ataona hapo hasara ya uwazi. Mimi naona kwamba mnada ulifanya kazi yake, kwani haki ya kuuza ni pamoja na haki ya kutouza. Maumivu yaliyofuata, ya uhakiki wa mashamba na malipo kuchelewa, yalikuja na ununuzi wa serikali, si na kusomwa kwa bei hadharani. Sasa minada imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa soko la bidhaa la TMX, bei zinapanda kwenye skrini, na hakuna sanduku la kutilia shaka. Ni hatua nzuri. Ila skrini inaonyesha bei ya mnada, wakati mkulima anaishi kwa kinachobaki baada ya ushuru, usafiri, magunia na tozo za chama. Karatasi ya mjengeko wa bei, yenye makato hayo, ndiyo inayopaswa kusomwa kwa sauti ileile, kwenye mkutano uleule wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, kabla watu hawajaulizwa kama wanauza.