Mchoro Juu ya Kitu cha Mviringo: Kutoka Vyungu vya Maore hadi Matufe ya Termes

Katika maandishi ya wataalamu wa mambo ya kale, jina la Maore lajulikana zaidi kuliko mji wenyewe ujulikanavyo na wasafiri. Mwaka 1967 Robert Soper alichapisha katika jarida la Azania habari za vigae alivyovichunguza kaskazini-mashariki mwa Tanzania, na namna moja ya vigae hivyo akaipa jina la Maore, mahali palipo chini ya milima ya Upare wa Kusini, jirani na Ndungu. Namna nyingine, iliyo ya kale zaidi, imeitwa Kwale, kwa jina la mahali katika Kenya ya kusini karibu na pwani; nayo pia imeonekana Upareni. Ya Kwale ni ya karne za kwanza baada ya Kristo; ya Maore ni ya sehemu ya mwisho ya miaka elfu hiyo hiyo. Baadaye Knut Odner alichimba Usangi, katika Upare wa Kaskazini, akachapisha matokeo yake mwaka 1971.

Mwaka 1994 Felix Chami alitoa kitabu chake juu ya pwani ya Tanzania katika miaka elfu ya kwanza, na humo akaeleza mila ya ufinyanzi iliyoenea mbali sana, ambayo alama yake kubwa ni pembetatu zilizochanjwa shingoni mwa chungu. Ufinyanzi wa Maore umehesabiwa na wataalamu katika jamaa hiyo, pamoja na vigae vya Unguja Ukuu na vya tabaka za chini za miji ya Lamu kama Shanga na Manda. Maana yake ni kwamba watu waliojenga miji ya kwanza ya Waswahili walipikia vyungu vyenye nakshi ya ukoo mmoja na vile vya chini ya milima ya Upare. Jambo hili lingetosha peke yake kuwanyamazisha wale wanaopenda kuzungumza juu ya pwani kana kwamba haikuwa na bara nyuma yake. Lakini mimi si mchimbaji, na shabaha yangu hapa ni nyingine. Nataka kuuliza ni akili ya namna gani inayotakiwa kwa mtu achoraye pembetatu, si juu ya ubao ulionyooka, bali juu ya kitu cha mviringo.

Na tuanze na maneno, maana ndiyo kazi yangu. Kitenzi kuumba, ambacho siku hizi twakitumia zaidi kwa kazi ya Mwenyezi Mungu, ni urithi wa Kibantu cha kale. Shina lake, -bumb-, lilikuwa na maana ya kufinyanga udongo. Chungu na nyungu ni maneno ya urithi huo huo. Kwa upande mwingine duara na kuba yametoka katika Kiarabu, na mhandisi, ambaye leo ni mjenzi wa madaraja na mitambo, kwa Kiarabu cha asili alikuwa mjuzi wa jiometri. Neno mviringo ni letu, lakini lina upungufu mmoja: mtu akikuambia kwamba kitu ni cha mviringo, hujui bado kama ni sahani au ni chungwa. Waalimu wa hesabu wameliweka neno tufe ili kuliondoa shaka hilo, nao wamefanya vema. Hata hivyo yaelekea kwamba mfinyanzi hakuhitaji kutenganisha sahani na chungwa kwa neno, kwa kuwa mikono yake ilivitenganisha kila siku.

Tofauti yenyewe si ndogo. Juu ya ubao, pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa ni nyuzi 180, wala haziwezi kuwa zaidi. Juu ya tufe jumla hiyo huzidi daima. Chukua chungwa, shuka kutoka kikonyoni hadi katikati ya tumbo, zunguka robo ya mzingo, kisha panda tena hadi kikonyoni: umechora pembetatu yenye pembe tatu za nyuzi 90 kila moja, jumla nyuzi 270. Wanajimu wa Kiislamu walizisoma pembetatu za namna hii kwa bidii kubwa, na moja ya sababu ilikuwa kutafuta kibla, kwa kuwa mtu aliye mbali na Makka hawezi kuipata njia iliyo fupi kwa kutazama ramani iliyonyooshwa.

Elimu ya kuchora umbali juu ya ubao ilianza mahali pengine. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika Kitab al-Manazir mwanzoni mwa karne ya 11, akaonyesha kwamba nuru husafiri kwa mistari iliyonyooka kutoka katika vitu hadi jichoni. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini. Yapata mwaka 1415 Brunelleschi akachora jengo la Florence kwa kanuni, na mwaka 1435 Alberti akaiandika kanuni yenyewe: picha ni kama dirisha, na mistari inayokwenda sambamba kutoka kwa mtazamaji hukutana katika nukta moja kwenye upeo wa macho. Nukta hiyo nitaiita nukta ya kutoweka. Ukitazama pembe ya nyumba, nukta huwa mbili. Ukiinua macho kutazama mnara mrefu, ya tatu huonekana juu.

Dirisha la Alberti lina sharti lisilosemwa sana: mtazamaji asigeuze kichwa. Wachoraji walilijua hilo, na baadhi yao walilichezea. Mwaka 1524 Parmigianino alijichora kama alivyojiona katika kioo kilichobinuka, tena juu ya ubao uliochongwa ukabinuka vivyo hivyo. Mwaka 1935 Escher alichora mkono ulioshika tufe la kioo na chumba kizima ndani yake. Hao walichora kile ambacho tufe huonyesha. Aliyeligeuza tufe lenyewe kuwa ubao wa kuchorea, na kulitafutia kanuni yake, ni Mmarekani Dick Termes wa Spearfish, South Dakota, aliyeianza kazi hiyo mwaka 1968. Kwa bahati, mwaka huo huo Albert Flocon na André Barre walitoa Ufaransa kitabu chao juu ya michoro ya mistari iliyopinda, ambamo nusu ya ulimwengu unaomzunguka mtu huchorwa ndani ya duara moja kwa nukta tano. Termes alizifikisha sita.

Kanuni hiyo yaeleweka vizuri zaidi mtu akisimama Ndungu. Huko, kati ya mwaka 1987 na 1990, ulijengwa kwa msaada wa Japani mradi wa kumwagilia mpunga, wenye eneo la hekta zipatazo 680, na majaruba yakapimwa na kutengwa kwa matuta. Tuseme tumesimama juu ya tuta, na mbele yetu tuta jingine lanyooka kuelekea kaskazini, upande wa Maore. Kingo zake mbili zaonekana kukaribiana mpaka zinakutana: hiyo ni nukta ya kwanza. Tukigeuka kusini, upande wa Kihurio, kingo zile zile zakutana tena: ya pili. Matuta yanayokata hayo yana nukta moja mashariki, katika mbuga za Mkomazi, na nyingine magharibi, ambako mlima unaificha lakini hauiondoi. Nguzo zilizosimama wima, tukiinua macho, zaelekea utosi wa mbingu. Tukiinama, zaelekea chini ya nyayo zetu. Hizo ndizo sita, na kila moja iko nyuzi 90 kutoka kwa jirani zake nne.

Sasa tujiwazie kwamba vichwa vyetu vimo ndani ya tufe la kioo, nasi twafuatisha kwa kalamu kila kitu tunachokiona kupitia kioo hicho. Ukingo wa tuta, ambao shambani ni mstari mnyoofu, juu ya kioo utakuwa tao litokalo nukta ya kaskazini na kuishia nukta ya kusini, yaani nusu ya duara kuu. Hakuna mstari mnyoofu utakaobaki mnyoofu, na hakuna utakaopinda ovyo. Hapo hakuna uongo wowote katika picha. Ubao ndio uliokuwa ukitudanganya kwa kutuambia kwamba ulimwengu una mbele tu.

Liko tatizo moja la kupendeza. Mchoro umefuatishwa kutoka ndani, lakini watu watautazama kutoka nje. Basi kushoto kutakuwa kulia, kama maandishi ya kioo cha duka usomapo ukiwa ndani ya duka. Mchoraji hana budi kuupindua mchoro wote kabla ya kutia rangi. Tena mtazamaji wa tufe haoni picha nzima kwa wakati mmoja. Matufe ya Termes huning'inizwa na kuzungushwa polepole kwa mota, na aliyesimama mbele yake huona ulimwengu ukimpitia.

Turudi kwa mfinyanzi. Sisemi kwamba mtu wa Maore wa miaka elfu moja na zaidi iliyopita aliijua kanuni ya nukta sita. Wenye kusema hivyo huwavunjia heshima wazee kwa kuwavika nguo zisizo zao. Wala yeye hakuchora mandhari, na nakshi yake aliichanja zaidi kuliko kuipaka rangi. Lakini alikuwa na matatizo mawili ambayo Alberti hakuwa nayo. La kwanza, nakshi yake ina sura mbili: anayekiona chungu kikiwa kichwani mwa mtu huona safu ya pembetatu zinazofuatana, na anayekiinamia kisimani huona nyota iliyouzunguka mdomo. La pili, safu haina mwanzo wala mwisho, kwa hiyo pembetatu ya mwisho lazima iipokee ile ya kwanza. Asiyegawa vizuri hulazimika kuibana ile ya mwisho, na kila atakayeteka maji ataiona aibu hiyo.

Kwa sababu hiyo nina malalamiko kidogo juu ya vitabu vya uchimbaji. Desturi yao ni kukichora chungu nusu kwa ubavu na nusu kama kilichokatwa, na nakshi wakaitandaza kama utepe. Desturi hiyo yafaa kwa kulinganisha, sikatai. Lakini utepe una ncha mbili, na chungu hakina. Ile nyota ya mdomoni hupotea kabisa, na pamoja nayo hupotea swali la hesabu: je, mfinyanzi aliugawa mzingo kwanza, kisha akachora, au alikwenda pembetatu kwa pembetatu akitumaini kufika salama?

Swali hilo laweza kuulizwa hata kwa kigae. Ukikiweka kigae cha shingo juu ya karatasi yenye maduara, utalipata duara linalolingana na tao lake. Tuseme nusu-kipenyo ni sentimita 9. Mzingo wote ulikuwa sentimita 56.5 hivi. Tuseme tena kila pembetatu ina upana wa sentimita 3.5: basi zilikuwa 16 karibu kamili, na 16 ni nusu ya nusu ya nusu ya nusu, hesabu impasayo mtu aliyekigawa chungu mara mbili, kisha nne, kisha nane. Vigae vingi vikitoa 8 na 16, kulikuwa na ugawaji kabla ya uchoraji. Vikitoa 13 na 15 na 17, na upana usiolingana, jicho lilitangulia hesabu. Kazi hii ingekwenda vema pamoja na ya pili, ambayo ni ya watu wa lugha: kukusanya kwa Chasu, kwa wafinyanzi wa Usangi na kwingineko waliobaki, majina ya kila mstari na kila sehemu ya chungu, na vitenzi vya kugawa na kuunga, kabla ndoo za plastiki hazijayafuta. Ile ya kwanza yahitaji uzi, rula, na ruhusa ya kufungua masanduku ya makumbusho. Hii ya pili yahitaji nauli ya basi na mtu mwenye subira ya kukaa chini karibu na udongo.