Nani Amkaribishe Mgeni? Mfumo Endeshi Huria na Wenyeji Wake Katika Nyanda za Mwese

Mwese, mkoani Katavi, imezoea kupokea wageni. Mwaka 1964 shirika la TCRS, lililo chini ya Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilianza kuhudumia wakimbizi nchini Tanzania, na miongoni mwa makazi yake ya mwanzo yalikuwa ya Wanyarwanda waliotoka upande wa Kivu wakaletwa katika nyanda hizi zilizo juu ya Ziwa Tanganyika, kwenye nchi ya Watongwe na Wabende. Utaratibu wa wakati ule haukuwa wa kambi ya mahema. Familia ilipewa ardhi, ikapewa mgao wa chakula hadi mavuno ya kwanza, kisha ikatarajiwa kujilisha yenyewe. Mwaka 1980 Tanzania iliamua kuwapa uraia makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliokuwa nchini. Naitaja historia hii katika makala ya kompyuta kwa makusudi. Swali ninalolijadili ni lilelile lililojibiwa Mwese kwa jembe na mgao wa mahindi: mtu aliyefika asipopajua anahitaji nini hadi naye awe mwenyeji?

Mgeni wangu hapa ni mwalimu wa sekondari, mhudumu wa zahanati au kijana wa steshenari anayewasha kwa mara ya kwanza kompyuta yenye mfumo endeshi huria wa Linux. Kwa kawaida sisi wanataaluma tunapoulizwa jinsi ya kumsaidia mtu huyu, hutaja vitu viwili: mwongozo ulioandikwa vizuri, na tafsiri ya maneno yaliyo kwenye skrini. Vyote ni vyema. Hata hivyo, nadai kwamba vinakuja baadaye. Kinachotangulia ni mtu wa karibu, anayeweza kufikiwa kwa miguu, aliyekwisha kukwama pale mgeni anapokwama leo.

Linux yenyewe si ngeni kama inavyodhaniwa. Linus Torvalds aliitangaza Agosti 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki, na kazi yake ikaungana na ile ya mradi wa GNU ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983. Leo kila mwenye simu ya Android Mwese, Majalila au Karema anatembea na Linux mfukoni, maana Android imejengwa juu ya kiini chake. Zahanati nayo inaigusa programu huria kila mwezi: takwimu za vitabu vya MTUHA, yaani kumbukumbu za huduma za afya, huishia katika DHIS2, mfumo huria uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa hapa nchini kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo ugeni tunaouzungumzia ni wa kitu kimoja tu, yaani ile kompyuta ya mezani au ya mpakato ambayo watu wameizoea ikiwa na Windows.

Kuhusu lugha, hatukukaa kimya. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden na kwa fedha za Sida, shirika la misaada la Sweden, iliendesha mradi wa Kilinux. Desemba 2004 mradi ule ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo ya makosa. Ilikuwa kazi ya heshima, na wote tunaoandika leo kuhusu istilahi za kompyuta tunachuma katika shamba lililolimwa wakati ule. Lakini Jambo ilijengwa juu ya toleo la 1.1 la OpenOffice. Oktoba 2005 likatoka toleo la 2.0, na mwaka 2010 sehemu kubwa ya watengenezaji ikahamia LibreOffice. Tafsiri ya programu huria ni kama paa la nyasi, isiporudiwa kila baada ya misimu michache inavuja. Kwa maoni yangu maneno ya Jambo hayakuwa na kasoro kubwa. Kilichokosekana ni watu wengi waliokuwa wakiitumia nje ya chuo, ambao wangeona tundu la kwanza na kupiga kelele. Tafsiri ilitangulia, wenyeji hawakuwapo.

Hapa pana jambo la lugha ambalo nadhani halijapewa uzito wake. Kiingereza kina neno moja, free, kwa kitu kisicholipiwa na kitu kilicho huru, na wanaharakati wa programu huria wamehangaika nalo kwa miaka arobaini. Sisi tuna maneno mawili, bure na huria, kwa hiyo tungeweza kuanza mbele ya wenzetu. Badala yake, wengi wetu tunapomkaribisha mgeni tunaanza na bure. Nadhani ni kosa. Bure katika masikio ya Mswahili si bei tu. Kuna maneno ya bure, kuna kuhangaika bure, na mtu akiambiwa kazi yake ni bure anaumia. Anayesikia kwamba mfumo huu ni wa bure anauliza kimoyomoyo una kasoro gani hata ukakosa bei. Zaidi ya hapo, kwake Windows nayo haina bei. Anajua kwamba ukipeleka mashine kwa fundi mjini Mpanda, fundi atakupigia windo, yaani atakuwekea Windows, na utamlipa jasho lake tu. Hakuna anayemuuliza fundi kuhusu leseni. Hoja ya gharama, inayotamba sana katika maandishi ya Ulaya na Marekani, inayeyuka mbele ya kaunta ya steshenari.

Inayobaki ni hoja ya huria, na kwa Mwese huria ina maana ya kushikika: haki ya kunakili. Faili la Linux Mint lina takriban GB 3. Kulipakua kwa bando la simu ni gharama ya kuuma, na mtandao ukikatika katikati unaweza kulazimika kuanza upya. Lakini likishapakuliwa mara moja Mpanda, linaingia kwenye flashi, na kutoka flashi hiyo linaweza kupita katika kompyuta ya mwalimu, ya kituo cha afya, ya ofisi ya kijiji na ya jirani, bila ufunguo wa wizi na bila mtu yeyote kuvunja sheria. Kampuni ya Canonical ililielewa hili mapema. Tangu ilipotoa Ubuntu mwaka 2004, iliwatumia walioomba diski kwa posta, popote walipo, bila malipo. Huduma hiyo ilifungwa Aprili 2011, kwa imani kwamba sasa watu wangeweza kupakua wenyewe. Kwa miji mikubwa imani hiyo ilikuwa sahihi. Kwa vijiji vya Katavi, ambako hata Mpanda mjini kwa miaka mingi iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, lilifungwa dirisha ambalo halijafunguliwa tena.

Kuna hoja nyingine iliyopata nguvu hivi karibuni. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai vifaa ambavyo kompyuta nyingi za mtumba hazina. Mashine hizo hazijafa. Nyingi zinaweza kuendesha toleo jepesi la Linux kwa miaka kadhaa tena.

Sasa tuitazame saa ya kwanza yenyewe, maana humo ndimo mgeni hupotea. Mwalimu ana flashi na kompyuta. Anawasha, na Windows inafunguka ileile ya zamani. Flashi haina ubaya wowote. Alipaswa kubonyeza kitufe fulani mara tu mashine inapowaka, na kitufe hicho ni F12 kwenye Dell nyingi, F9 kwenye HP nyingi, na kingine kwenye nyingine. Akifaulu, mfumo unawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote ndani ya diski, na hapa mwenyeji mwema anamwambia: zunguka, fungua, andika, hakuna kitakachoharibika. Baadaye, mfumo ukiwa umeshawekwa kwenye diski, anapokuja kuongeza programu, dirisha la amri linamwomba nywila. Anaandika herufi ya kwanza, haionekani. Ya pili, haionekani. Hakuna nyota wala nukta. Anaamini kibodi imekufa, anazima mashine. Mfumo ulikuwa unapokea kila herufi; matoleo mengi ya Linux huificha tu. Nadhani watu waliorudi nyuma kwa sababu ya mstari huu mtupu ni wengi kuliko waliorudi kwa sababu ya Kiingereza. Sentensi moja ya mtu aliyesimama nyuma ya kiti ingewabakiza.

Mfano wa pili ni wa mtandao. Baadhi ya kompyuta za mtumba zina kadi ya Wi-Fi ambayo Linux haiitambui hadi ipakue kiendeshi chake, na haiwezi kupakua bila mtandao. Kwenye karatasi huo ni mduara usio na mlango. Mwenyeji anachomeka simu ya Android kwa waya uleule wa kuchajia, anawasha mpangilio wa kugawa intaneti kwa USB, na kompyuta inaiona simu kama waya wa mtandao. Dakika mbili zimekwisha. Maarifa ya namna hii yamejaa intaneti, lakini huyu hana intaneti ndiyo maana anayahitaji.

Tusiwafiche wageni mabaya yake. Steshenari inaishi kwa printa, na baadhi ya Canon LBP za zamani husumbua kwenye Linux, wakati HP nyingi hukubali mara moja. Anayemhamisha mwenye steshenari kabla ya kuijaribu printa yake amemharibia riziki, na habari hiyo itafika kijiji cha pili kabla yake. Faili za Word zenye majedwali mengi nazo huweza kusogea zikifunguliwa kwenye LibreOffice. Upande wa pili, sehemu kubwa ya kazi nyingine za steshenari siku hizi hufanyika kwenye kivinjari: maombi ya mkopo wa elimu ya juu, uhakiki wa vyeti RITA, maombi ya ajira. Kivinjari cha Firefox hakijali kipo juu ya mfumo gani. Mwenyeji mkweli anapima kazi za mgeni kwanza, na pengine anamshauri abaki na mifumo yote miwili katika mashine moja.

Methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia katika andiko lake la Ujamaa mwaka 1962, mara nyingi husomwa kama onyo kwa mvivu. Mimi naisoma pia kama stahili ya mgeni. Asiyepewa jembe hubaki mgeni daima, anakula na kuangaliwa. Wanyarwanda wa Mwese walipewa ardhi, na kwa ardhi hiyo wakawa watu wa hapo. Katika programu huria jembe lipo tayari: kumwekea mfumo jirani, kusahihisha neno la tafsiri lisiloeleweka, kuandika ukurasa mmoja wa kile kilichomsumbua jana. Huu wa mwisho ndio ninaouthamini zaidi, kwa kuwa aliyejifunza wiki iliyopita bado anakumbuka alichokuwa hajui. Mtaalamu wa miaka ishirini amekisahau, na ndiyo maana miongozo yake huanzia hatua ya nne.

Na ukurasa huo uandikwe kwa maneno ya aliyeuandika. BAKITA na wanaistilahi wametupa sakinisha, pakua, kivinjari, nywila, nami nayatumia kwa furaha. Fundi wa Mpanda anasema kupiga. Anapiga windo, na kesho atapiga Linux. Mwongozo unaomwambia asakinishe mfumo endeshi bila kumwambia kwamba hiyo ndiyo kazi anayoiita kupiga unamfanya ajione mjinga katika kazi anayoimudu. Istilahi sanifu iingie ikiwa imeshikana mkono na neno la kazini, ukurasa kwa ukurasa, mpaka moja lishinde lenyewe.

Mwese sasa ina nafasi ambayo mwaka 2004 haikuwapo. Ni mojawapo ya vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vilivyo katika mradi wa hewa ukaa wa msitu wa Ntakata, na mapato ya mradi huo yamekuwa yakijenga madarasa na huduma za afya. Matumizi yake yanapitia mkutano wa kijiji. Siku kompyuta zitakapojadiliwa katika mkutano kama huo, swali la mfumo gani uwekwe litaamuliwa na muuzaji kabla wanakijiji hawajajua kuwa ni swali. Isipokuwa pawe na mtu wao ndani ya mkutano, fundi au mwalimu, aliyekwisha kuutumia mfumo huria na anayejua uzuri na taabu yake.

Kwa hiyo ombi langu linaelekea kwa wenzangu wa vyuoni, kuanzia Dar es Salaam hadi Kampasi ya Mizengo Pinda ya SUA iliyo mkoani Katavi. Mwanafunzi wenu anapokwenda kwenye mafunzo kwa vitendo Wilaya ya Tanganyika, mpeni flashi ya GB 16. Itabeba toleo jepesi la Linux, Wikipedia ya Kiswahili inayosomeka bila mtandao kwa programu ya Kiwix, na kurasa chache za Kiswahili zinazoanza na kitufe cha F12 na nywila isiyoonekana. Mpeni na sharti moja: asirudi kabla hajamwona mtu mmoja wa Mwese akimpigia Linux mtu mwingine wa Mwese, yeye akiwa amekaa pembeni.