Kipunguza kelele, wala si kizima sauti

Mtu akiingia duka la vipuri mjini Ukunda na kuomba sailensa, muuzaji humuuliza: ya bodaboda au ya Probox? Mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye hoteli za ufuo wa Diani, fundi wa viyoyozi akitaja sailensa huwa na kitu kingine akilini. Chake ni kisanduku cha bati kinachounganishwa kwenye bomba la hewa ili mvumo wa feni usimfuate mgeni hadi kitandani. Neno ni moja, vitu ni viwili, na anayeumia ni yule anayeagiza.

Majina ya Kiswahili hayakosekani. Katika hadithi za upelelezi bastola hufungwa kiwambo cha sauti. Lakini kiwambo ni kitu kilichowambwa, kama ngozi juu ya ngoma, na bomba la hewa likiwambwa hewa haipiti. Kizima sauti nacho huahidi makubwa: anayezima taa hubaki gizani, ilhali kisanduku hiki hakimwachi mtu katika kimya. Lipo pia jina la kidhibiti kelele, kwa mazoea ya kidhibiti mwendo, ambacho Wakenya walikijua vizuri mwaka 2004 waziri John Michuki alipoyabana matatu. Kifaa hicho huweka kikomo: kilomita 80 kwa saa, basi. Kisanduku cha Diani hakina kikomo. Huchukua sehemu ya kelele inayokijia na kuiacha nyingine ipite. Kwa hiyo kipunguza kelele ndilo jina la haki. Limeundwa kama kipima joto na kipaza sauti, na linatumia kelele kwa sababu sauti mtu huitaka, kelele haitaki.

Jina hilo lina faida nyingine: linazaa swali. Kinapunguza kiasi gani, na mlio upi?

Ndani ya kisanduku husimamishwa vibao vinene vilivyojazwa sufi ya mawe na kufunikwa bati lenye matundu madogo. Hewa hupita katikati ya vibao. Sauti huingia matunduni, ikasuguana na nyuzi na kugeuka joto kidogo mno. Mlio wa mitetemo 1,000 kwa sekunde una wimbi la sentimita 35 hivi, nao hunaswa kwa urahisi. Ule mvumo mzito wa mitetemo 63, unaosikika zaidi kifuani kuliko masikioni, wimbi lake hufika mita tano na nusu, na kibao cha sentimita 20 ni kidogo sana kwake. Ndiyo maana muuzaji anayetaja namba moja tu ya desibeli kwa kifaa kizima hajasema la maana. Anapaswa kuonyesha jedwali la kila ngazi ya mlio, kutoka 63 hadi 8,000.

Kuna mtego mwingine. Vibao vikisongamana ili kunasa zaidi, njia ya hewa huwa nyembamba, feni ikalazimika kusukuma kwa nguvu, na hewa inayokimbia ikaanza kupiga mluzi wake yenyewe. Mnunuzi aliyebana nafasi hujikuta amelipia kelele mpya.

Hesabu hii si ya watalii peke yao. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zinaruhusu desibeli 40 mchana na 35 usiku katika maeneo ya utulivu, na usiku huo huanza saa mbili. Mgonjwa aliyelazwa hospitalini Msambweni anahitaji hewa safi na usingizi kwa pamoja. Kufungua feni na kumnyima usingizi ni kumtibu nusu. Hospitalini sufi hufunikwa utando mwembamba ili nyuzi zisipeperuke wodini, na utando huo hula sehemu ya uwezo wa kunasa milio myembamba, jambo ambalo mhandisi hulihesabu mapema.

Jikoni ni balaa zaidi. Mvuke wa mafuta ya kukaangia hulowesha sufi hadi ikaacha kunasa chochote na kuwa kuni zinazongoja cheche. Na pwani ina chumvi: bati la kawaida karibu na mawimbi huota kutu kuanzia kwenye matundu, kwa hiyo maagizo ya Diani huandikwa chuma kisichoshika kutu, na mahali pa kufunga kisanduku pia: pale bomba linapotoboa ukuta wa chumba cha mashine, kwani kikiachwa ndani kabisa, kelele ya chumba huingia tena kwenye bomba baada ya kisanduku kumaliza kazi.