Kuanza Bao: Ubunifu wa Watu wa Barazani Katika Mwambao wa Tanga

Waandishi waliolishughulikia bao la kiswahili aghalabu wamewatazama mafundi, wale watu wachache ambao kila mtaa huwajua kwa majina na ambao, wakiketi mbele ya ubao, baraza zima hunyamaza. Na sifa zao hizo ni haki yao isiyopingika. Lakini iko sehemu moja ya mchezo huu, nayo ni mwanzo wake, ambayo kwa maoni yangu inawadai shukrani watu wengine kabisa: wavuvi, makuli wa bandari, mafundi cherehani, makarani na vijana wasio na cheo chochote katika mchezo, ambao kwa kujaribu na kukosea na kujaribu tena wamezua njia zao wenyewe za kuanza, bila ya kitabu kuwaongoza. Makala hii inakusudia kuifuata taarikhi ya ubunifu huo katika mwambao wa Tanga na jirani zake.

Msomaji asiyelijua bao inafaa aelezwe kwanza jinsi linavyopangwa. Ubao una mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane manane, na kila mchezaji humiliki safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Kete ni 64, nazo kwa asili ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mkomwe, mmea wenye miiba unaotambaa kandokando ya fukwe. Kila mchezaji ana kete 32, ila hazipangi zote: sita huziweka katika nyumba, yaani shimo la tano la safu ya mbele kwa kuhesabu kutoka kushoto kwake, ambalo katika mbao zilizochongwa huwa la mraba; kisha huweka mbili mbili katika mashimo mawili yafuatayo upande wa kuume; na 22 zilizobaki hukaa nazo mkononi. Kila zamu hutia kete moja, na muda wote huo huitwa namua. Kete za mkononi zikiisha ndipo mchezo unapoingia katika mtaji. Anayeshindwa kabla ya kufika huko husemwa kuwa amefungwa mkononi, na ni fedheha ambayo watazamaji hawaisahau upesi. Kwa hiyo mwanzo wa bao si jambo la kupitia mbio.

Sasa na tuutazame ubao kabla ya kete ya kwanza kutiwa. Kwa kuwa kila nyumba imehesabiwa kutoka kushoto kwa mwenyewe, kete za huyu hazielekeani na kete za yule hata kwa shimo moja, na mchezaji wa kwanza hana cha kula. Hana budi kutakata, yaani kuzisambaza kete za shimo lake moja bila ya kula. Na kwa vile hairuhusiwi kutakata kwa nyumba maadamu yapo mashimo mengine ya mbele yenye kete, amebakiwa na mashimo mawili tu, na kila moja lina njia mbili, ya kuume na ya kushoto. Njia nne, basi, ndizo alizopewa kila aliyewahi kuanza bao, awe fundi au mwanagenzi.

Akitakata kuume, kete zake zinapita kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, na kuingia safu ya nyuma, zikalala salama, na mpinzani naye anakuta hana cha kula. Akitakata kushoto mambo hugeuka. Kete zinapita juu ya nyumba yake mwenyewe, zikaiongezea moja, na moja inakwenda kusimama uso kwa uso na nyumba ya mpinzani. Hapo mpinzani hana hiari, kwani sharia ya bao ni kwamba mwenye cha kula hula. Ikiwa mchezaji wa kwanza ametumia shimo lililopakana na nyumba, kete zake mbili zimejitokeza mbele ya adui, naye atachagua aile ipi; ikiwa ametumia lile la mbali, imejitokeza moja tu, na haiwezi kuliwa ila kwa kutia kete katika nyumba. Mtu ametoa kete moja sadaka, na kwa sadaka hiyo amemwamuru mpinzani wake acheze alipotaka yeye. Ujasiri wa namna hiyo haufundishwi. Mtu huuzua siku moja kwa kuchoka na njia ya kuume, akafungwa nao, akarudi nao kesho yake umetengenezwa vizuri zaidi.

Ni lini watu walianza kuwaza hivi katika pwani yetu? Kuwa bao lilikwisha kuwa mchezo wa heshima katika miji ya Waswahili mwanzoni mwa karne ya 19, shahidi wake ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi aliyefariki yapata mwaka 1840, ambaye alilitungia bao mashairi katika zama ambazo ushairi na siasa za mji vilikuwa vitu vya baraza moja. Na lililokuwako Mombasa haliwezi kudhaniwa kuwa lilichelewa kufika Tanga, kwa kuwa majahazi yalikuwa yakienda na kurudi baina ya Mombasa, Vanga, Tanga, Pangani na Pemba kwa pepo za kaskazi na kusi, na nahodha anayengojea upepo hana kazi nyingine bora kuliko kuketi na wenyeji. Fauka ya hayo, Pangani ilikuwa mlango wa misafara iliyokwenda bara kwa njia ya Kilimanjaro, na Bagamoyo mlango wa ile iliyokwenda Unyanyembe na Ujiji. Bao likafuata misafara. Hata leo watu wa Malawi wana bawo yao, na jina lenyewe linaeleza lilikotoka.

Badiliko kubwa kwa Tanga, kwa fikira yangu, lilianzia mwaka 1893, mwaka ambao Wadachi walianza kuijenga reli kutoka bandarini kuelekea Usambara, na ambao Richard Hindorf aliileta katani kutoka Florida. Katika vichipukizi 1,000 alivyoviagiza vilisalimika 62 tu, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka kwa hivyo vikaenea mashamba yaliyowavuta manamba kutoka kila pembe ya nchi. Watu hao hawakuja mikono mitupu. Wasukuma, mathalan, wana mchezo wao wa isolo, wenye safu nne kama bao lakini wenye mpango wake na desturi zake; na mtu aliyelelewa katika mchezo wa namna hiyo, akiketi mbele ya ubao wa Ngamiani mjini Tanga, huona mambo ambayo mzaliwa wa pwani amezoea kutoyaona. Naamini kabisa kwamba wageni hao, kwa kutojua lipi linapaswa kuchezwa, waliongeza maarifa ya mwanzo wa bao kuliko mafundi waliolijua mno.

Kwao, na kwa watoto, lilikuwako pia bao la kujifunza, ambamo kila shimo hupewa kete mbili tangu mwanzo na namua haipo kabisa. Lina faida zake, lakini aliyelizoea sana hukosa kipaji cha kuanza.

Inafaa tulinganishe na sataranji, mchezo ambao Waarabu waliupokea kutoka Uajemi na kuutia katika elimu. Mabingwa wa Baghdad, al-Adli katika karne ya 9 na as-Suli aliyefariki yapata mwaka 946, waliandika vitabu ambamo mipango ya kuanzia, waliyoiita tabia, ilipewa majina kama mujannah na sayyala, ikahifadhiwa kama watu wanavyohifadhi nasaba. Ruy López, kasisi wa Hispania, akaandika chake mwaka 1561, na tangu hapo asiyesoma alionekana hana la kusema mbele ya aliyesoma. Hata hivyo mwaka 1980, huko Skara katika nchi ya Sweden, Mwingereza Tony Miles alimjibu Anatoly Karpov, bingwa wa dunia, kwa kumsogeza askari wa pembezoni hatua moja, mwanzo ambao vitabu viliudharau na ambao wachezaji wachache tu ndio waliothubutu kuucheza, na akamshinda.

Bao halikupata as-Suli wake. Mholanzi Alexander de Voogt alikaa na mafundi wa Unguja na mwaka 1995 akachapisha uchunguzi wake juu ya akili na kumbukumbu zao, na mwaka 2002 wataalamu wa Maastricht walitoa maelezo ya jinsi ya kuifundisha kompyuta mchezo huu. Kazi adhimu zote mbili, lakini katika mwambao wa Tanga mianzo ya baraza ingali katika vidole vya wachezaji. Laiti wangelijitokeza vijana wa kukaa na daftari kando ya ubao, mambo mengi yangelijulikana.

Mathalan, jambo hili. Yule aliyetoa kete moja sadaka sasa amebakiwa, mbali na nyumba yake, na shimo moja tu la kutakatia, lenye kete tatu. Mpinzani aliyemla ana kete moja aliyoila ya kuianzishia katika kichwa chochote apendacho, na kwa kuwa vyote viwili ni vitupu, italala hapo hapo. Wengi huitia bila ya kufikiri. Lakini akiitia katika kichwa chake cha kuume, mwenzake atatakata kuume kwa amani. Akiitia katika kichwa cha kushoto, kete ile itakuwa inamngojea, kwani mwenzake akikimbilia kuume atalazimika kuacha kete moja mbele yake, naye ataila. Hapo mchezaji wa kwanza hurudi kushoto kwa mara ya pili, akizisimamisha kete tatu mbele ya mashimo matatu ya adui, na adui analazimika kuchagua tena.