Pangani, Mto Wake na Vita vya 1888

Msafiri atokaye Tanga kwa gari kuelekea kusini, akiisha kupita mashamba ya mkonge yaliyopandwa safu kwa safu, huingia Pangani, mji ulioupa mto uso wake kuliko bahari, ijapokuwa bahari iko karibu mno. Mbele ya majumba makongwe yenye milango ya nakshi, maji yaliyoanza safari Kilimanjaro na Meru hupita mazito, yenye rangi ya udongo, na kivuko kikayakata kwenda Bweni.

Neema na dhambi za mji huu zilipitia mtoni. Misafara ya pembe ilishika njia ya bondeni kwenda bara hata Umasaini. Wasafiri Waingereza Burton na Speke nao, mwaka 1857, walianzia hapa walipokwenda Vuga kumzuru Kimweri, mfalme wa Washambaa. Kandokando ya mto ikastawi miwa, iliyolimwa kwa jasho la watumwa, na sukari yake ikapakiwa majahazini. Sipendi kumsikia mtu akiisifu fahari ya Pangani akaliruka jambo hilo.

Hata Agosti 1888, Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar akiwa amekwisha kuikodisha pwani ya Mrima kwa kampuni ya Kijerumani, Emil von Zelewski, mjumbe wa kampuni hiyo, alitaka mamlaka ya mji na bendera ya kampuni ipepee. Na Liwali Abdulgawi bin Abdallah alipokataa, wanamaji wa manowari ya Kijerumani waliteremshwa pwani, wakamsaka hata ndani ya msikiti, na mbwa wakaingia pamoja nao. Ufedhuli huo haukuvumilika. Mwezi uliofuata wenyeji, waungwana kwa watumwa, pamoja na watu wa bara, waliinuka wakamzingira Zelewski nyumbani mwake, hata Lloyd Mathews, jemadari wa Sultani, akaja kumtoa.

Vita hivyo vimeitwa kwa jina la Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa, naye heshima hiyo ni haki yake, kwani aliviongoza hata akanyongwa papa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Lakini moto uliwashwa na umma kabla yeye hajashika uongozi, na umma huo, ambao aghalabu hautajwi, ndio ningependa watoto wa shule wausome kwanza. Zelewski, aliyenusurika hapa, aliuawa na Wahehe huko Lugalo mwaka 1891.