Kizigeu cha uhusiano: vitone vimebanana na nini?

Mwaka 1886 Francis Galton, Mwingereza aliyependa kupima karibu kila kitu, alichapisha vipimo vya urefu wa watoto 928 waliokwisha kukua, pamoja na wa wazazi wao. Wazazi warefu kwa kawaida walikuwa na watoto warefu, ila si kila mara. Sasa uhusiano huo una nguvu kiasi gani? Mwaka 1888 Galton akapendekeza kipimo, na mwaka 1896 Karl Pearson akakipa fomula inayotumika hadi leo. Alama yake ni r, na kwa Kiswahili tunaweza kukiita kizigeu cha uhusiano. Wapo wanaopendelea "kizigeu cha uwiano". Mimi naona uwiano una kazi yake tayari, kama tunaposema uwiano wa saruji na mchanga. Tusiutwishe mzigo wa pili.

Thamani ya r haizidi 1 wala haishuki chini ya -1. Vitone vya grafu ya mtawanyiko, kila kimoja kikiwa jozi moja ya vipimo x na y, vikilala vyote juu ya mstari mnyoofu unaopanda, r ni 1. Mstari ukishuka, ni -1. Vikitapanyika huku na huku, r husogea kwenye sifuri. Mwinuko wa mstari hauna neno: ukiwa mkali au wa polepole, r yaweza kuwa 1 ileile.

Wengi hujikwaa kwa kudhani kwamba r hupima tu jinsi vitone vilivyobanana. Vimebanana na nini? Vikirundikana duara kama nyuki waliotua tawini, r huwa karibu na sifuri, maana hakuna mstari vinaoufuata. Au chukua x za -2, -1, 0, 1 na 2, y iwe mraba wa x: 4, 1, 0, 1, 4. Ukiijua x umeshaijua y, hakuna kubahatisha. Hata hivyo r ni sifuri kamili, kwa sababu vitone vimefuata mkunjo.

Mtakwimu Francis Anscombe alilionyesha tatizo hili vizuri mwaka 1973. Alitunga seti nne za data, kila moja ikiwa na vitone 11, na r ya zote ni takriban 0.816. Zichore uone: ya kwanza ni mtawanyiko wa kawaida kandokando ya mstari, ya pili ni mkunjo, ya tatu ni mstari mnyoofu wenye kitone kimoja kilichopotoka. Ya nne ndiyo kiboko: vitone 10 vimepangana wima kwenye x moja, na kile cha 11, kilicho mbali peke yake, ndicho kilichozaa r yote.

Ukiletewa ripoti yenye r tupu, irudishe uombe grafu.